Amana ya Chuma: Mafundi Wetu na Magari ya Kale ya Kiingereza



Zipo kazi nyingi ambazo watu wetu wanajulikana nazo katika jiji hili la Johannesburg: ususi, ushonaji, ulinzi wa usiku, uuzaji wa nguo na mboga, ufundishaji wa lugha. Ipo nyingine ambayo haitajwi sana, pengine kwa sababu hufanyika nyuma ya milango ya mabati iliyofungwa, na wanaoifanya hawapendi kusumbuliwa. Ni kazi ya kuyafufua magari ya kale ya michezo ya Kiingereza kwa niaba ya wenyewe. Nasema juu ya yale magari madogo ya viti viwili, mafupi kwa kimo, yenye paa la turubai, ambayo mtu akiketi ndani yake hujiona kana kwamba ameketi juu ya lami yenyewe.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipita mara kwa mara katika gereji moja iliyo jirani na Jules Street, upande wa mashariki wa mji. Humo fundi mmoja mzaliwa wa Lubumbashi, akisaidiwa na kijana wa Kigoma, alikuwa akilishughulikia gari la namna hiyo. Sitawataja kwa majina, wala sitamtaja mwenye gari, kwa kuwa wote watatu waliniomba hivyo. Lakini niliyoyaona humo yanastahili kuandikwa kwa kirefu, kwani katika kazi hii fundi hupimwa kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: mkono wake na neno lake.

Gari lenyewe lilikuwa MGB la mwaka 1969. Herufi M na G zatokana na Morris Garages, yaani gereji za William Morris zilizokuwa katika mji wa Oxford, ambako meneja wake, Cecil Kimber, alianza kuunda magari ya michezo katika miaka ya 1920. Tangu mwaka 1929 kiwanda kilikuwa Abingdon, si mbali na hapo. MGB lilitokea mwaka 1962, likaendelea kuundwa mpaka Oktoba 1980 kiwanda kilipofungwa, na kwa muda huo yaliundwa zaidi ya nusu milioni. Leo jina la MG ni mali ya kampuni ya Kichina ya SAIC, na magari mapya yanayolibeba hayana undugu na haya ninayoyasema isipokuwa alama iliyobandikwa mbele.

Halikuwa gari la matajiri. Wenye mali walikuwa na Jaguar E-Type, iliyotolewa mwaka 1961. MGB lilikuwa la karani, la mwalimu, la mhandisi kijana aliyeanza kuonja mshahara. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, nayo ni ya ukoo mmoja na injini za magari ya kawaida ya Austin na Morris, yale ambayo baadhi yetu tuliyaona utotoni huko Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yakiwabeba madaktari na wakaguzi wa shule. Afrika Kusini huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Uingereza, kwa hiyo magari haya yaliingia humu kwa wingi. Mengine yaliletwa kwa vipande na kuunganishwa humu humu nchini.

Jambo la kwanza ambalo fundi aliliuliza, kabla ya kushika spana, lilikuwa hili: gari limeishi wapi? Kwa mtu asiyejua, hilo laweza kuonekana swali la mazungumzo tu. Kumbe ndilo swali lenyewe. Johannesburg iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,750, majira yake ya baridi ni makavu, na chumvi ya bahari haifiki. Gari lililoishi hapa laweza kutimiza miaka hamsini na bati lake likawa bado zima, hali ndugu yake aliyeishi Durban amekwisha kuliwa hata sakafu. Aliyekaa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa upepo wa bahari unavyolifanya bati.

Mwenye gari, mzee mstaafu akaaye Kensington, alijibu kwamba gari ni lake tangu mwaka 1984 na kwamba halijapata kulala nje ya Johannesburg hata usiku mmoja. Asichokijua ni habari za ile miaka kumi na mitano ya kwanza. Jingine alilolisema, na alilisema akiwa ameangalia pembeni, ni kwamba alikwisha kulipeleka kwenye karakana nyingine, akatoa nusu ya fedha, na baada ya miaka miwili akarudishiwa gari lake ndani ya maboksi. Fundi wetu alipelekewa mzee huyu na jirani yake, ambaye mlango wa gari lake ulinyooshwa hata usijulikane ulikuwa umegongwa wapi. Basi alikuja akiwa na tumaini dogo na shaka kubwa.

Yafaa kusema neno kuhusu sababu inayowafanya mafundi wetu wafae kwa kazi hii kuliko vijana wengi waliofunzwa katika gereji za kisasa. Gari la leo huchomekewa kompyuta, na kompyuta husema kipi kimekufa; fundi huagiza kipuri kipya na kukifunga. Gari la mwaka 1969 halina pa kuchomeka kitu. Hujulikana kwa kusikiliza, kwa kunusa, kwa kutia mkono. Aliyejifunza kazi katika gereji bubu za Dar es Salaam, au jua kali ya Nairobi, au chini ya mwembe huko Katanga, alizoea tangu mwanzo kwamba spea haipo, na kwamba iliyopo lazima itengenezwe iendelee kufaa. Alinyoosha bati kwa nyundo na kigogo, kwa sababu bati jipya lilikuwa mbali na la ghali. Nchi zetu zina historia ya jambo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wazaliwa wa Kenya, walishinda Safari Rally kwa Volvo iliyokwisha kutumika, nao ndio waliokuwa mafundi wake. Baadaye Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi.

Sasa nirudi gerejini.

MGB halina chesisi kama ya lori. Nguvu yake imo katika bodi yenyewe; na kwa kuwa halina paa la chuma la kuziunganisha sehemu ya mbele na ya nyuma, mzigo mkubwa huchukuliwa na boriti mbili zipitazo chini ya milango, moja kila upande. Kwa nje boriti hiyo huonekana kama ukanda wa bati uliopakwa rangi, wa kukanyagia mtu anapoingia. Kwa ndani ni tabaka tatu za bati zilizochomelewa pamoja, zikaacha uwazi katikati. Maji na vumbi huingia humo yasipate pa kutokea. Kutu huanzia ndani, hula taratibu kwa miaka, na siku ya kutokeza nje kama kipele juu ya rangi, kazi yake imekwisha kitambo.

Fundi alichukua sumaku ndogo, ile ya kufungia mlango wa kabati, akaipitisha ubavuni mwa gari. Juu ya boneti ilinata. Juu ya mlango ilinata. Ilipofika kwenye boriti ya upande wa dereva ikaanguka sakafuni. Sumaku hushika chuma, haishiki puti. Aliipangusa, akaijaribu mahali pengine, ikaanguka tena. Walipokwangua rangi walikuta puti nene kama kidole, chini yake wavu wa kuku, na chini ya wavu kurasa za gazeti zilizokunjwa na kushindiliwa ili kuziba tundu. Mtu fulani, zamani, alilipwa fedha kwa kazi ile. Gari likapakwa rangi nzuri nyekundu na kuuzwa kwa kijana wa mwaka 1984 aliyelipenda kwa macho.

Makadirio ambayo mzee alikuwa amekubaliana nayo yalikuwa ya kunyoosha, kupaka rangi na kuitengeneza injini. Hayakuwa na boriti mpya. Kuziweka kungeongeza gharama karibu na mara mbili ya ile ya awali. Na hapa ndipo kijana wa Kigoma alipouliza swali ambalo nadhani kila fundi duniani amepata kujiuliza walau mara moja: “Sasa fundi, tukipiga puti mpya juu yake, nani atajua?”

Fundi hakumkemea. Alimwagiza afungue mlango wa dereva, aingize jeki chini ya gari katikati, na alinyanyue kidogo. Gari lilipoinuka, pua na mkia vilibaki vikining'inia. Uwazi kati ya mlango na nguzo ukapanuka, na mlango ulipofungwa kitasa hakikuikuta tena komeo yake. “Umeona?” alisema. “Hili likigongwa barabarani, yule mzee hatoki. Na mimi nitakuwa nimelala nyumbani kwangu, sijui kitu.” Kisha akampigia simu mwenye gari aje aone mwenyewe.

Mzee alikuja mchana huo huo. Alionyeshwa sumaku, akaonyeshwa wavu, akapewa kipande cha gazeti akishike mkononi. Hakusema neno. Alilizunguka gari mara mbili, akaaga, akaenda zake. Siku zikapita. Wiki mbili nzima gari lilikaa juu ya stendi likiwa limefunuliwa ubavu, na nafasi lililoishika ndiyo nafasi ambayo ingeingiza gari jingine la kulipia pango la mwezi. Nilipopita siku moja nilimkuta fundi akimnyooshea mtu bampa ya teksi huko nje juani. Nilimuuliza kama anajuta. Alinijibu, “Mwalimu, ningejuta zaidi kama angekuwa amenilipa kwa puti.” Hakuongeza kitu. Nami najua kwamba juma lile alikopa fedha ya pango kwa mtu wa kanisani kwao.

Siku ya kumi na tano mzee alirudi na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: makadirio mapya, malipo kwa awamu nne, na sahihi yake chini. Alitaka fundi naye atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Kazi ya boriti ilichukua muda wa kutosha kumchosha mtazamaji, basi nitaieleza kwa ufupi, ingawa ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Haikatwi boriti ya pande zote mbili kwa pamoja, kwani gari litajikunja na halitanyooka tena. Kwanza huchomelewa mabomba ya mraba kukingama uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili umbo lisihame. Hukatwa upande mmoja tu. Bati jipya hubanwa kwa vibano, mlango hurudishwa mahali pake, hufunguliwa na kufungwa, hupimwa nafasi yake kwa juu na kwa chini. Ikiwa sawa ndipo huchomelewa, tena kwa vituo vifupi vifupi vilivyo mbalimbali ili joto lisilipinde bati. Niliwaona wakiufunga na kuufungua mlango mmoja mara zisizohesabika kabla ya kuwasha mashine. Mabati yenyewe hupatikana mapya: tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage huko Uingereza imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima za MGB kwa kutumia mashine za kukandia bati zilezile za zamani. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba ni rahisi zaidi kupata ubavu wa gari lililoacha kuundwa mwaka 1980 kuliko wa magari mengi yaliyotoka juzi.

Injini ilikuwa na habari yake, nayo inahusu kimo cha mji huu. Hewa ya Johannesburg ni pungufu kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hadi 20, na injini isiyo na kisukumio cha hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kabureta zake mbili, za aina ya SU, zina sindano iliyochongoka ipandayo na kushuka ndani ya tundu la petroli. Sindano iliyochaguliwa kwa ajili ya London ikiletwa hapa huachia petroli nyingi kupita hewa iliyopo: plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hunuka, na fedha ya mwenye gari huungua bure. Wenzetu wa Nairobi, mji ulio karibu na kimo hiki hiki, wanalijua hilo. Kijana wa Kigoma alikuwa halijui, akalijifunza kwa kuzitoa plagi na kuzitazama rangi mpaka zilipokuwa za kahawia hafifu kama biskuti. Maji nayo huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kikilegea kidogo tu, gari hutokota mlimani.

Liko pia suala la risasi. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, na utando wake ulivikinga viti vya valvu visichakae. Afrika Kusini iliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati mmoja na nchi nyingine nyingi za kusini mwa Sahara. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, ilimaliza mwezi wa Julai 2021. Ni heri kubwa kwa ubongo wa watoto wetu. Lakini valvu za mwaka 1969 hazikuundwa kwa petroli isiyo na risasi, na dawa yake ni kuchonga kichwa cha injini na kutia viti vya chuma kigumu upande wa ekzosi. Hiyo si kazi ya gerejini. Ilipelekwa kwa wachongaji.

Kuhusu umeme nitasema machache. Vifaa ni vya Lucas, kampuni iliyoanzishwa Birmingham na Joseph Lucas, mwuza taa. Na Waingereza wenyewe humtania kwa kumwita Mkuu wa Giza. Nusu ya lawama hizo si haki. Taa nyingi zilizokufa katika gari hili hazikuwa na ugonjwa wowote ila kutu mahali waya wa ardhi ulipofungwa kwenye bodi. Walipasugua kwa msasa, taa zikawaka. Pampu ya petroli, ambayo ni ya umeme, ilipopewa betri ilianza kulia tik, tik, tik baada ya kimya cha miaka mingi, na fundi akacheka peke yake.

Sasa nizungumze na wazazi, na hasa akina mama ambao watoto wao huenda gereji kujifunza. Hatari kubwa ya kazi hii haiko kwenye jeki. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu ya kazini. Na mtu akishaipata, hata harufu ndogo yaweza kumfunga kifua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha rangi. Vilevile, breki na klachi za magari ya umri huu aghalabu zilikuwa na asbesto. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 2008, lakini vumbi lililokwisha kujificha ndani ya ngoma ya breki halikusikia tangazo hilo. Lisipulizwe kwa kompresa kamwe. Lilowanishwe kwa maji na kupanguswa. Katika gereji ninayoisema, fundi alikataa kupaka rangi humo ndani. Gari lilipelekwa kwa mpaka rangi mwenye chumba maalumu, na gharama hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tangu mwanzo.

Karatasi hiyo nitaisema zaidi, maana hapo ndipo watu wetu wengi huanguka. Gari la mtu likiwa kwako ni amana. Ndivyo tulivyofundishwa nyumbani, na sheria ya nchi hii yasema karibu vivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji, namba 68 ya mwaka 2008, humtaka fundi atoe makadirio kabla ya kazi na asidai zaidi ya hayo bila idhini ya mteja. Hilo limo katika kifungu cha 15. Kifungu cha 57 humpa mteja dhamana ya miezi mitatu kwa vipuri vilivyofungwa. Kifungu cha 65 humtaka aliyeshika mali ya mteja aitunze kwa uangalifu. Na kifungu cha 67 husema kwamba vipuri vilivyotolewa ni vya mteja, arudishiwe, isipokuwa yeye mwenyewe amevikataa. Sheria hiyo haiulizi fundi alizaliwa wapi. Kwa upande wa pili humlinda fundi pia: asipolipwa ana haki ya kulishikilia gari mpaka alipwe, lakini akiliachia tu litoke mlangoni haki hiyo hupotea, na hana ruhusa kuliuza kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa madai madogo iko Mahakama ya Madai Madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi kusimama. Mwaka 2019 kikomo chake kilipandishwa hadi randi 20,000.

Nimetaja mwaka 2019, na wakazi wa upande ule wanajua ni kwa nini mwaka huo hausahauliki. Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba ghasia dhidi ya wageni zilipita Jules Street na magari yakachomwa moto katika maduka ya kuuzia magari. Tangu hapo fundi wetu humuuliza kila mteja swali la pili baada ya lile la kwanza: je, gari lina bima, na bima hiyo ina kinga ya Sasria? Shirika hilo la serikali, lililoanzishwa mwaka 1979, ndilo linalobeba hasara za ghasia. Bima ya kawaida isiyoambatana nalo haitalipa. Wateja wengine huchukizwa na swali hilo, wakidhani anawatisha. Mzee wa Kensington hakuchukizwa. Alisema kwamba karakana ile ya kwanza haikumuuliza hata jina la barabara anayokaa.

Gari lilikabidhiwa baada ya miezi kumi na mmoja. Lilikuwa limeshapita ukaguzi wa usalama barabarani kwa mara ya pili. Mara ya kwanza lilirudishwa kwa sababu ya breki ya mkono. Mzee alitoa awamu ya nne, akahesabiwa vipuri vyake vya zamani kimoja kimoja: kabureta zilizochakaa, valvu nane, boriti mbili zilizooza pamoja na wavu wake. Alichukua kabureta, akasema mengine yatupwe, nao wakamwandikisha kwamba ameyakataa. Alijaribu kuingia garini akashindwa kwa sababu ya goti lake. Alishikwa mkono na kijana wa Kigoma, akaketi, akavuta choki, injini ikawaka kwa mara ya pili. Akamwambia fundi, “Panda.” Walikwenda wakarudi baada ya dakika arobaini, wakati tulikuwa tumeanza kuwa na wasiwasi. Fundi aliposhuka nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi, na hakutueleza walikopita.

Wasomaji watakaopenda kuona magari ya namna hii wanaweza kuwapeleka watoto kwenye makumbusho ya James Hall, yaliyoanzishwa mwaka 1964 karibu na Wemmer Pan, ambapo ni mwendo wa miguu kwa familia zinazokaa Rosettenville. Na kwa vijana wenye mkono lakini wasio na cheti, kituo cha serikali cha kupima ufundi, kiitwacho Indlela, kiko Olifantsfontein, kati ya hapa na Pretoria. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila shule, kwa kifupi ARPL. Mwombaji hutakiwa kuonyesha ushahidi wa miaka yake ya kazi, na hapo picha za kazi na karatasi zenye sahihi za wateja huwa na thamani. Ufundi wa bodi na ufundi wa injini, yote miwili, imo katika orodha ya fani zinazopimwa. Fundi wetu amekwisha kujaza fomu, na barua ya mzee wa Kensington ameiambatisha. Kijana wa Kigoma anasema atasubiri kwanza aone matokeo ya mkubwa wake.